Sura ya Tano: Mji Unajaa, Mbona Takwimu Zinasema Haukui?

Ukikaa Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, swali hili hulikwepi. Linazungumzwa kijiweni kwa bodaboda, linaulizwa na diwani anayeitetea kata yake kwenye kikao cha bajeti, na kila matokeo ya sensa yanapotoka linarudi redioni: kama watu wa mji huu wameongezeka kidogo namna hiyo, hizi nyumba zinazoota kila upande ni za nani? Nyasho jioni watu wanapishana kwa shida. Bweri na Buhare, kiwanja kilichokuwa kichaka kina msingi, na chenye msingi kimepigwa bati. Anayeuliza kwa kawaida anataka jibu moja kati ya mawili. Ama aambiwe takwimu zimepikwa, ama aambiwe macho yake yanamdanganya. Mimi nadhani namba ni za kweli na macho ni ya kweli, ila havizungumzii mji mmoja. Nitaonyesha pia kwamba hata baada ya kurekebisha kosa hilo, lipo jambo linalobaki ambalo wengi wetu Musoma hatupendi kulisikia, nalo lina uzito mkubwa kwenye siasa za mkoa.

Namba zenyewe

Tuanze na zinazojulikana. Sensa ni zoezi la serikali la kuhesabu kila mtu aliyepo nchini, na kwetu hufanyika takriban kila baada ya miaka kumi. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Musoma ina watu 134,327. Ya Agosti 2022 ikawakuta 164,172. Wameongezeka watu wasiofika elfu 30, sawa na asilimia 22, yaani kila watu mia moja wa 2012 wamekuwa mia na ishirini na mbili. Katika miaka hiyo hiyo Mkoa wa Mara mzima ulitoka watu 1,743,830 ukafika 2,372,015, ongezeko la asilimia 36. Nchi nzima ilitoka watu milioni 44.9 ikafika milioni 61.7, ongezeko la asilimia 37.

Hapo ndipo penye utata. Tumezoea kuamini kwamba mji hula kijiji: vijana wanaacha jembe na nyavu wanakimbilia mjini, kwa hiyo mji lazima ukue kuliko mkoa unaouzunguka. Musoma imefanya kinyume. Mwaka 2012, katika kila watu mia wa mkoa, karibu wanane walikuwa wa manispaa. Mwaka 2022 walikuwa hawazidi saba. Kwa maneno ya mtaani, makao makuu ya mkoa yamekonda wakati mkoa unanenepa.

Mpaka unapita wapi?

Takwimu haihesabu mji kama unavyouona ukiwa juu ya kilima. Inahesabu watu waliomo ndani ya mstari uliochorwa na serikali, na mstari huo unaitwa mpaka wa halmashauri. Halmashauri ni chombo cha serikali za mitaa chenye madiwani, mkurugenzi na bajeti yake. Manispaa ni halmashauri ya mji uliofikia ngazi fulani. Ukivuka mstari hatua moja, umeingia halmashauri nyingine, hata kama duka unalonunua sukari, shule ya mwanao na kituo chako cha daladala ni vilevile.

Musoma imebanwa kuliko miji mingi. Imejengwa kwenye ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani, na Ghuba ya Mara imeufunga upande wa kaskazini. Mji wa namna hii hauna pa kutanukia pande zote. Unarudi nyuma, bara, na ukirudi nyuma kidogo tu unakutana na Nyegina, Nyakatende na Etaro, ambazo ni kata za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Ukifuata barabara kuu kuelekea Nyabange, umeingia Wilaya ya Butiama. Mtumishi anayefanya kazi mjini akajenga Nyegina kwa sababu kiwanja ni nafuu, kwa sensa ni mwanakijiji. Anakula mjini, anatibiwa mjini, anachangia foleni ya mjini, lakini kwenye jedwali la manispaa hayumo.

Upande wa maji hali ni ileile, tena ni rahisi zaidi kuiona. Asubuhi pale Mwigobero, mitumbwi na boti kutoka Kinesi hushusha watu na mizigo: magunia ya dagaa, kuku waliofungwa miguu, wanafunzi wenye mabegi, mama mwenye mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi. Kinesi ni Wilaya ya Rorya. Kwa gari mtu wa Kinesi anazunguka ghuba nzima mpaka Daraja la Kirumi. Kwa maji anavuka tu. Ukitazama Mwigobero asubuhi unaona mji wenye shughuli nyingi. Ukitazama jedwali unaona watu wa Rorya. Vyote viwili ni sahihi, na wanaoongeza msongamano sokoni hawakuhesabiwa mjini kwa sababu hawalali mjini.

Bunda inaonyesha hatari ya mpaka waziwazi zaidi. Mwaka 2012 Wilaya ya Bunda ilihesabiwa kama kitu kimoja, watu 335,061. Baadaye ikagawanywa, ikapatikana Halmashauri ya Mji wa Bunda kando ya Halmashauri ya Wilaya ya Bunda. Mtu akichukua namba ile ya 2012 akailinganisha na ya Halmashauri ya Wilaya ya 2022, atadhani makumi ya maelfu ya watu wametoweka Bunda. Hakuna aliyetoweka. Kilichobadilika ni mstari. Huko nyuma Musoma Vijijini nayo iligawanywa hivyohivyo ikazaa Butiama, na Tarime ikazaa Rorya.

*Kwa ufupi:* kabla ya kusema mahali pamekua au pamedumaa, uliza kwanza kama mpaka wa mwaka ule ndio mpaka wa mwaka huu, na kama maisha ya mahali hapo yanaishia kwenye mpaka.

Usiku mmoja wa Agosti

Mbali na mpaka wa ardhi, upo mpaka wa muda. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Utaratibu huu una sababu nzuri: unazuia mtu mmoja kuhesabiwa mara mbili, nyumbani kwao na anakofanya kazi. Kwa mwalimu au mkulima wa mahindi hauleti tofauti yoyote. Kwa mvuvi unaleta.

Chukua Bukima, kata ya Majita katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ambako uvuvi ni sehemu ya maisha ya karibu kila ukoo. Wavuvi wa dagaa wanavua gizani, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo ratiba yao inafuata mwezi. Sasa, Agosti 2022 mwezi mpya ulikuwa tarehe 27. Usiku wa sensa uliangukia giza, msimu hasa wa kuwa ziwani na kwenye dago, yale makambi ambayo wavuvi huyapiga karibu na samaki wanakopatikana. Sensa haiwaachi hawa watu. Wavuvi walio kambini wana utaratibu wao wa kuhesabiwa. Lakini wanahesabiwa kambini. Kijana wa Bukima aliyekuwa Irugwa usiku ule amehesabiwa Ukerewe, Mkoa wa Mwanza, ingawa mke, watoto na deni la dukani viko Bukima.

Nisieleweke vibaya. Uhamaji huu wa usiku mmoja unakwenda na kurudi: wapo wa Ukerewe waliokutwa Mara, na sensa zilizopita nazo zilikuwa na wavuvi wao. Hauwezi kueleza pengo la maelfu. Nimeuleta kwa sababu nyingine. Bajeti ya zahanati, idadi ya walimu, hata mgao wa dawa huanzia kwenye idadi ya watu, na kata yenye wanaume wengi dagoni inaonekana ndogo kuliko mzigo inaoubeba mwaka mzima.

Mwandishi wa habari anayepokea takwimu ya mkoa, kabla hajaiandika, angeuliza haya:

- Mpaka huu ni wa mwaka gani, na umewahi kuguswa?
- Mtu amehesabiwa alipolala, anapofanya kazi, au alikojiandikisha?
- Jirani wa karibu ameonyesha nini katika kipindi hichohicho?

Swali la tatu ndilo wengi hawaliulizi, na ndilo lenye jibu la kushangaza.

Tukiufuta mpaka, kinabaki nini?

Kama kukua kidogo kwa Musoma ni suala la watu kumwagikia ng'ambo ya mstari tu, basi dawa ni rahisi. Jumlisha manispaa, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma na Wilaya ya Butiama, zile zote ambazo zamani ziliitwa Musoma. Kata ikihamishwa kutoka moja kwenda nyingine, jumla haibadiliki. Aliyejenga Nyegina anarudi ndani ya hesabu, wa Nyabange pia.

Ukifanya hivyo, 2012 unapata watu 554,415. Mwaka 2022 unapata 712,493. Ongezeko ni asilimia 28 na nusu. Ni kubwa kuliko ile 22 ya manispaa peke yake, kwa hiyo hoja ya kumwagika ina ukweli: mji umekua zaidi ya jedwali lake. Lakini bado iko chini sana ya asilimia 36 ya mkoa. Kama Musoma hii pana ingekwenda kwa kasi ya mkoa, 2022 ingekuwa na watu kama elfu 754. Wanapungua kiasi cha elfu 41. Hao hawawezi kuelezwa kwa mpaka wala kwa dago.

Hapa ndipo lilipo lile jambo nililosema hatupendi kulisikia. Ukanda wa Musoma na Butiama haukudumaa, lakini unakua polepole kuliko mkoa wake. Inaelekea watu wake wanakwenda kwingine, na wanaotoka kwingine hawaji kwa wingi. Sababu hazihitaji mganga. Musoma iliwahi kuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX na kiwanda cha maziwa, ajira za aina ambayo humvuta kijana na kumbakiza. Viliposimama, mji ulibaki umeegemea ofisi za serikali, biashara ndogo na samaki, na viwanda vya minofu ya sangara hupanda na kushuka kulingana na ziwa linavyotoa. Kwa kijana mwenye nguvu, Mwanza ni safari ya nusu siku. Kaskazini mwa mkoa hali ni nyingine: kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo, kuna mpaka wa Sirari ambako biashara na Kenya hailali, kuna ardhi yenye rutuba ya milima ya Tarime. Tarime, Rorya na Serengeti kwa pamoja zilikuwa chini kidogo ya nusu ya watu wa mkoa mwaka 2012. Sensa ya 2022 imezikuta zimevuka nusu.

Msomaji atapinga: hizo namba nani kazithibitisha? Si zimepikwa Dodoma? Hoja ya kupikwa ina mvuto, na serikali yenyewe iliwahi kuipa nguvu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zenye nia ya kupinga zile rasmi. Sheria ya namna hiyo humfanya raia ashuku hata namba iliyo sahihi, maana isiyoruhusiwa kupingwa haina njia ya kuthibitishwa. Makali hayo yalipunguzwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje, ikiwamo Benki ya Dunia. Lakini kushuku ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na makarani wengi walikuwa watu wa palepale, walimu na vijana wa kata. Matokeo yametolewa mpaka ngazi ya kata. Anayetaka kupika Musoma lazima apike kila kata ya Musoma, na ahakikishe jumla yake inalingana na ya mkoa, na ya mkoa inalingana na ya taifa. Zaidi ya hayo, lazima awe na sababu ya kuipunguza Musoma na kuiongeza Rorya. Sijaona mtu aliyeleta sababu hiyo.

*Kwa ufupi:* mpaka unaeleza sehemu ya pengo. Sehemu iliyobaki ni ya kweli, na ni uchumi.

Majimbo kumi

Je, haya yanamhusu nini mtu wa kawaida? Tuangalie Bunge. Mkoa wa Mara una majimbo kumi ya uchaguzi, jimbo likiwa eneo linalomchagua mbunge mmoja. Sita yako upande wa Musoma na Bunda: Musoma Mjini, Musoma Vijijini, Butiama, Bunda Mjini, Bunda Vijijini na Mwibara. Manne yako upande ninaouita kaskazini: Tarime Mjini, Tarime Vijijini, Rorya na Serengeti.

Rudi sasa kwenye hesabu ya juu. Upande wenye majimbo sita una watu pungufu ya nusu. Upande wenye majimbo manne una zaidi ya nusu. Mbunge wa kule kwa wastani anawakilisha watu zaidi ya laki tatu. Wa huku, chini ya laki mbili. Mbunge wa Musoma Mjini anawasemea watu 164,172, na yule wa Tarime Vijijini anawasemea zaidi ya laki nne. Kwa hiyo malalamiko tuliyozoea, kwamba takwimu zinaionea Musoma, yamegeuzwa kichwa chini. Kwenye uwakilishi, anayepaswa kulalamika ni mtu wa kaskazini. Musoma na Bunda wamekalia viti vingi kuliko uwiano wa watu wao.

Kuna watakaosema jimbo haligawanywi kwa idadi ya watu pekee. Ni kweli. Ukubwa wa eneo, jiografia, mipaka ya utawala na hali ya mawasiliano navyo huangaliwa, na ni haki: mbunge wa Musoma Vijijini anayetegemea barabara ya Musoma–Makojo–Busekera, kilomita 92, hafanyi kazi sawa na mwenzake anayezunguka jimbo lake kwa bajaji. Musoma Vijijini ina kata 21 na vijiji 68, na ukubwa huo ni kazi. Lakini Musoma Mjini haina hoja ya umbali, na mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya manane ikaonyesha upepo unakoelekea. Vigezo vilivyowekwa vilikuwa wastani wa watu 600,000 kwa majimbo ya mijini na 400,000 kwa ya vijijini. Mapya yakaenda Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Geita, Simiyu na Shinyanga. Mara haikupata hata moja. Nchi ikizidi kugawa viti kwa kufuata idadi, mkoa wenye makao makuu yanayokonda utakuwa na sauti ndogo mezani, na ndani ya mkoa, upande wa Musoma na Bunda utapaswa kuzungumza na upande wa kaskazini kwa adabu zaidi ya ile tuliyoizoea.

Naongeza jambo moja kwa pembeni. Siasa za Mara hupenda kuzungumzwa kwa makabila: nani Mjita, nani Mkurya, nani Mjaluo, nani Mzanaki. Mazungumzo hayo hufunika hesabu niliyoieleza, kwa sababu dai la haki la mtu wa Tarime la kutaka uwakilishi sawa husikika masikioni mwa wengine kama ukabila, na hofu ya mtu wa Musoma ya kupoteza kiti hujificha nyuma ya ukabila huohuo. Namba walau hazina ukoo.

"Si wapanue mji tu?"

Pendekezo linalorudi kila mara ni kusogeza mpaka wa manispaa ili umeze kata za jirani. Mji utaonekana mkubwa, hadhi itapanda, labda siku moja uitwe jiji. Wazo si baya, na kwa mipango miji lina maana: mji unaojengwa kwenye ardhi ya vijiji hujengwa bila barabara za mitaa wala mitaro, na kuja kuurekebisha ni gharama.

Ila wanaolipendekeza hawasemi bili inakwenda kwa nani. Kijiji kikigeuka mtaa, mamlaka ya halmashauri ya kijiji juu ya ardhi yanaondoka, na upimaji na hati vinahamia mjini kwa taratibu na ada za mjini. Umeme ni mfano ambao kila mtu anauelewa: mwaka 2022, kuunganishiwa umeme kijijini kulikuwa shilingi 27,000, na mjini shilingi 320,960. Nchi nzima kuna wananchi wanaoishi kwenye nyumba za matope katikati ya mashamba ya mihogo lakini wanaandikwa wa mjini kwa sababu ya mstari kwenye ramani, na wabunge wamelilalamikia hilo bungeni mara nyingi. Halmashauri inayopokonywa kata nayo inapoteza ushuru wa kuendeshea zahanati za kata zilizobaki, na hizo zilizobaki ni za mbali, kama Bukima na Makojo.

Ikiwa hata hivyo itaamuliwa kupanua, iamuliwe kwa sababu ya mitaro na barabara, na watu wa Nyegina, Nyakatende na Etaro waulizwe wakiwa na bei zote mbili mbele yao. Upanuzi kwa ajili ya kunenepesha takwimu hautaleta kiwanda hata kimoja wala kumrudisha kijana aliyekwenda Mwanza. Utakachofanya ni kuitengenezea sensa ijayo ongezeko kubwa ambalo halikutokana na kuzaliwa wala kuhamia kwa mtu yeyote. Siku matokeo hayo yatakapotoka, mwandishi atakayeletewa taarifa kwamba Musoma imekua kwa kasi ya ajabu atoe kwanza watu wa kata zilizohamishwa, ajumlishe tena manispaa, wilaya na Butiama kama tulivyofanya hapa, kisha aangalie kama wale elfu 41 wamepungua au wameongezeka.